Shangazi, niliua liturgia kwa sababu sijui kuimba

Shikamoo Shangazi, Bwana Yesu asifiwe.

Mi ni kijana wa miaka 28, vikari wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), yaani nasubiri kubarikiwa kuwa mchungaji, nimepangiwa mtaa mmoja, tawi la usharika, nje kidogo ya mji wa Tanga, upande wa kwenye mashamba ya mkonge. Jina la mtaa naomba nisiliseme maana huku tunajuana wote. Naandika usiku, umeme umekata, feni imesimama, jasho linanitoka na sijui ni la joto au la aibu.

Niende moja kwa moja. Shangazi mi sijui kuimba. Sio ile ya mtu kusema "aa mi sauti yangu mbaya bwana" alafu akifungua mdomo unakuta anaimba vizuri tu, hapana, mi sijui kabisa, sauti ikipanda inapasuka, ikishuka inapotea, naanza na noti hii namaliza na ya jirani yake. Chuoni kwenye somo la liturgia, yaani ule utaratibu wa ibada wa kitabuni wa kuimba na kuitikiana, mwalimu alikuwa anatusimamisha mmoja mmoja mbele tuimbe sehemu ya mchungaji, siku yangu nilipofika "Utukufu kwa Mungu juu" darasa zima likaangua kicheko, mwalimu mwenyewe akaficha uso kwa daftari. Toka siku hiyo naitwa Jenereta. Kigiriki nilikuwa nawafundisha wenzangu usiku kabla ya mtihani, mahubiri ya darasani nilikuwa nasifiwa, lakini nikipita koridoni nasikia "trrrrr" mtu anavuta kamba ya kuwashia. Wao walikuwa wanatania. Mi nilikuwa nacheka nao alafu naenda kukaa chooni.

Sasa kuja huku mtaani nimekuta mwinjilisti ndo kastaafu, na mzee huyo Shangazi ana sauti ambayo sijawahi kuisikia popote. Kaongoza ibada hapa zaidi ya miaka thelathini. Anaishi hapo hapo nyuma ya kanisa na kila Jumapili anakaa benchi la pili kushoto. Jumapili yangu ya kwanza nikaanzisha "Bwana utuhurumie" juu mno, washarika wakajaribu kunifuata wakashindwa, nusu wakaimba yao chini, nusu wakanyamaza, mtoto mmoja mbele akacheka kwa sauti mama yake akamfinya, ndo yule mzee bila hata kusimama akaanza upya kutoka kwenye benchi lake, taratibu, na kanisa zima likamfuata kama maji yamepata mfereji. Sasa hivi najua alikuwa ananisaidia. Siku ile niliona kama kanizaba kofi mbele ya watu.

Wiki iliyofuata nikapanda mbele nikasema leo hatutafungwa na kitabu, leo tumpishe Roho Mtakatifu afanye anavyotaka. Vijana wana kinanda cha umeme, spika mbili na projekta walichangishana wenyewe, wakaruka juu kwa furaha. Tukaimba mapambio dakika arobaini, nikahubiri, nikaombea watu, tukafunga. Hakuna aliyenisikia naimba maana maiki zilikuwa kwa timu ya sifa. Nikarudi nyumbani nimepona kabisa. Wiki ya tatu nikafanya hivo hivo. Ya nne wazee wakaanza kuuliza, basi nikaandaa mahubiri ya Marko 7, mapokeo ya wanadamu, na nikasema kwa kinywa changu kwamba liturgia ni mkongojo wa watu wasiojua kuomba. Hayo maneno nikilala yananirudia.

Huu ni mwezi wa tano. Grupu letu la WhatsApp limekuwa uwanja wa vita, vijana wanaandika wazee wana roho ya dini, wazee wanajibu kwa sauti za dakika saba saba. Familia nne zinapanda bajaji kwenda kusali usharikani mjini. Mzee kaandika barua kwa mchungaji kiongozi kwamba mtaa umegeuzwa wa kilokole, na mchungaji kiongozi kanipigia, mpole tu, kasema anakuja Jumapili ya kwanza ya Kwaresma na Chakula cha Bwana, mimi niongoze liturgia yote mpaka baada ya mahubiri, ye atachukua kuanzia mezani. Zimebaki wiki tatu.

Na kilichonifanya nikuandikie sio hata hicho. Juzi nilikwenda kumtembelea bibi mmoja hapa, miaka themanini na kitu, macho yana mtoto wa jicho, kusoma hajui. Nilimkuta mlangoni anachambua mchicha kwa vidole, anapapasa jani moja moja, lililooza analijua kwa kuligusa. Nikamuuliza ibada anaionaje siku hizi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Baba, zamani nilikuwa nakwenda kanisani kuongea na Mungu. Siku hizi nakwenda kuwasikiliza mnavyoongea naye. Hayo maneno yenu ya ukutani mi siyaoni." Hakusema kwa hasira. Alafu akanipa mayai mawili niende nayo.

Shangazi nifanyeje. Nimwambie mchungaji kiongozi kwamba mi naamini katika ibada huru, nishikilie hapo hapo? Niombe kuhamishwa kabla ya Kwaresma? Au niache tu uchungaji, maana hata nikibarikiwa nitaimba nini mbele za watu maisha yangu yote? Mama yangu aliuza ng'ombe wake wa maziwa nisome. Hakuna mtu hata mmoja anayejua kwamba vita yote hii chanzo chake ni koo langu.

Ni mimi,
Jenereta, Tanga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, Amen.

Kwanza nikiri, nimecheka. Hapo kwenye mtu kuvuta kamba ya kuwashia nimecheka mpaka mzee wangu kaja kuuliza kuna nini, nisamehe. Alafu nikafika kwa yule bibi na mchicha wake nikanyamaza, nikaweka simu chini, nikaenda kuchemsha chai ndo nikarudi.

Mi nimeimba alto kwenye kwaya toka nikiwa msichana, kwaiyo wachungaji wanaotoka nje ya noti nimewaona wengi sana, we si wa kwanza na wala hujafika kwa wale wabaya. Alikuwepo mmoja, sasa marehemu, alikuwa haimbi hata mstari mmoja. Sehemu yake yote anaitamka, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya ndugu yake aliye mbali, sisi tunaitikia kwa kuimba, yeye anatamka, sisi tunaimba. Mwezi wa kwanza ilikuwa ngeni masikioni. Mwezi wa tatu tulishasahau kama kuna namna nyingine. Hakuna mahali kanisa limesema mchungaji wa Kilutheri asiyeimba sio mchungaji, maneno ndo yenye uzito, noti ni nguo yake, na nguo nzuri inapendeza lakini mtu hafi kwa kuvaa ya kawaida. Kwaiyo hilo la kuacha uchungaji kwa ajili ya koo liweke pembeni, usinirudie nalo.

Tatizo lako ni yale mahubiri.

Maana sauti mbaya umezaliwa nayo, lakini Marko 7 uliichagua mwenyewe. Nenda kaisome tena, na usisome kama mtu anayetafuta fimbo. Pale Yesu anawasema watu waliokuwa wanasema "Korbani", mali hii nimeitoa wakfu, ili wasimtunze baba na mama. Yaani walichukua kitu cha dini wakajifichia, na aliyeumia ni mzazi mzee nyumbani. Sasa we umefanya nini? Umechukua jina la Roho Mtakatifu ukajifichia aibu yako, na aliyeumia ni bibi kizee asiyeona. Sura hiyo hiyo uliyowapigia wazee inakusoma wewe. Nasema kwa upendo ila nasema.

Na mkongojo ulivyousema vibaya! Mtu mwenye mguu mbovu ukimnyang'anya mkongojo hujamfundisha kutembea, umemwangusha tu.

Tukae hapo kwa bibi kidogo, maana ukimwelewa yeye umeelewa liturgia kuliko ulivyofundishwa darasani. Bibi hajui kusoma, lakini naapa ukimwanzishia "Mtakatifu, mtakatifu, mtakatifu" anamaliza, hiyo ni Isaya 6. "Utukufu kwa Mungu juu" ni malaika wa Luka 2. Mwana-kondoo wa Mungu ni Yohana Mbatizaji kamnyooshea Yesu kidole. Baraka ya mwisho ni ile ya Haruni, Hesabu 6. Na "Bwana utuhurumie" ni kilio cha yule mama Mkanaani kwenye Mathayo 15 aliyemfuata Yesu barabarani anapiga kelele mpaka wanafunzi wakachoka naye. Huyo bibi ana Biblia nzima kifuani kaipata kwa kuimba Jumapili baada ya Jumapili, hiyo ndo shule yake aliyosoma, na we umekuja ukabadilisha lugha ya shule katikati ya mwaka, ukamwandikia ubaoni mtu asiyeona. Projekta sina ugomvi nayo. Lakini anayeona maneno ya ukutani ni mwenye macho na aliyesoma, na wimbo mpya wa kila wiki ni wa mwenye kumbukumbu changa. Kitu kinachorudiwa kila Jumapili ni mali ya wote, wa mwisho kabisa nae anacho chake.

Na fikiria unaishi wapi. Hayo mashamba ya mkonge yaliyokuzunguka yalijaa watu wa makabila ya mbali, manamba walioletwa kukata mkonge, huyu katoka kusini huyu magharibi huyu milimani, nyumbani kila mtu na lugha yake. Kilichowafanya waitikie kwa sauti moja ni maneno waliyoyajua wote kwa Kiswahili. Mitaa kama wako sijui ingekuwaje bila hayo.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana wazee wakisoma hapa watadhani nimewapa ushindi. Sijawapa. Kwenye Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko la imani la sisi Walutheri, we umelisoma kuliko mimi, ibara ya 7 inasema kwa umoja wa kanisa inatosha Injili ifundishwe sawasawa na sakramenti zitolewe sawasawa, taratibu zilizowekwa na watu si lazima zifanane kila mahali. Ibara ya 24 inasema tunasingiziwa kwamba tumefuta misa. Zote mbili zimo kwenye kitabu kimoja! Kwaiyo anayesema ngoma na kinanda cha umeme ni dhambi hajasoma ya 7, na anayesema liturgia ni ya Wakatoliki hajasoma ya 24. Martin Luther mwenyewe, aliyetuanzishia Ulutheri, alipotoa utaratibu wa misa ya Kijerumani mwaka 1526 alitahadharisha watu wasiufanye sheria ya kumbana mtu, na akasema anafanya kwa ajili ya watu wa kawaida na vijana. Vijana, umesikia? Hawa hawa unaosema hawaitaki. Tena kwenye kazi ile alishirikiana na mwanamuziki, Johann Walter, hakujifanya anajua kila kitu. Na Luther alikuwa anajua muziki, sembuse wewe.

Ila kisa ninachotaka ukichukue ni cha miaka minne kabla ya hapo, na kwa bahati kinaangukia siku yako hiyo hiyo unayoiogopa. Luther amefichwa kwenye ngome ya Wartburg, huku nyuma mjini Wittenberg mwenzake Karlstadt kaanza kugeuza ibada mbio mbio, Krismasi ya 1521 kaongoza bila mavazi, mambo yakachemka, mwanzoni mwa 1522 watu wakaanza kuvunja sanamu makanisani. Luther akaacha maficho akarudi, akapanda mimbarani Jumapili ya kwanza ya Kwaresma, tarehe 9 Machi 1522, akahubiri siku nane mfululizo. Na ajabu yake, mengi waliyoyabadilisha hata yeye alikuwa anayataka! Hakuwaambia mmekosea shabaha. Aliwaambia mmekimbia mkawaacha wadhaifu nyuma, akatoa mfano wa mama na mtoto mchanga, anaanza na maziwa, kisha uji, chakula kigumu baadae. Mabadiliko mengi yakarudishwa nyuma kwanza, watu wakafundishwa, alafu ndo wakaenda.

Karlstadt angalau alikuwa anaamini anachokifanya, mwanangu. Wewe ulikuwa unakimbia noti.

Haya. Wiki tatu sio nyingi lakini zinatosha, na pa kuanzia sio kwa mchungaji kiongozi, ni nyuma ya kanisa hapo hapo. Kwa mwinjilisti mstaafu. Nenda saa kumi na moja jioni jua likishapoa, peke yako, usiende na kijana wala mzee mwingine, na usiende mikono mitupu, nunua mkate na sukari kilo. Shikamoo yako iwe ya mtoto, usimwamkie kivikari. Mwache amalize habari zote za miguu yake na mvua, usimkatishe, alafu mwambie maneno machache tu: "Mzee, mimi sijui kuimba. Siku ile uliponiokoa niliona aibu, na hii yote nimeifanya kwa sababu ya aibu. Ile ya mkongojo naomba unisamehe." Usiongeze teolojia. Ukiongeza teolojia hapo umeharibu.

Anaweza akakasirika. Miezi mitano umemwita mtu wa mapokeo mbele ya wajukuu zake, ana haki ya dakika kumi za hasira, zimeze. Ila mi wazee wa namna hii nawajua, nimekaa nao benchi moja. Mtu aliyeongoza zaidi ya miaka thelathini alafu akaanza kukaa benchi la pili kila Jumapili akisikiliza, huyo anasubiri aombwe. Muombe. Musa alimwambia Mungu mimi si msemaji, mzito wa kinywa, Kutoka 4, na Mungu hakumfukuza kazi, alimpa Haruni. Haruni wako amekaa benchi la pili kushoto na we umekuwa unapigana nae.

Muombe vitu viwili. Awe anaanzisha yeye sehemu za kuimba mpaka utakapozoea, na akufundishe. Kwenye kufundishwa nikupe siri ya alto mzee: watu kama wewe mnaharibu pale mnapoanza juu kwa woga. Sema "Bwana" kama unavyomwita mtu upande wa pili wa barabara lakini bila kupayuka, hiyo sauti uliyosemea ndo noti yako, kaa hapo hapo, usipande popote, shuka kidogo tu neno la mwisho. Noti moja. Watu wamesali kwa noti moja karne na karne. Na yule kijana wa kinanda mpe kazi, akupe hiyo noti kabla hujafungua mdomo, kidole kimoja tu, tiii, basi. Utashangaa atakavyojisikia mtu muhimu. Ikishindikana kabisa, tamka kama yule marehemu wetu. Tena una bahati, mnaingia Kwaresma, kwa desturi ya zamani Utukufu unanyamazishwa mpaka Pasaka, kwaiyo ule wimbo uliokupa jina la Jenereta hutaukuta siku hiyo. Hakikisha na mchungaji kiongozi wanafanyaje kwenu.

Na huyo mchungaji kiongozi mpigie kesho yake baada ya kuonana na mzee, usisubiri akukute. Usimwambie eti unaamini ibada huru. Huo ni uongo wa pili juu ya wa kwanza, na huu wa pili utakuwa umemwambia mchungaji wako kabla ya kubarikiwa, ukae nao kwenye kola maisha yako yote? Mwambie ukweli. Kakuambia kwa upole uongoze mpaka mahubiri, mi naona kama anajua tayari, hawa watu wanasoma ripoti za chuo bwana.

Vijana ndo sehemu ngumu kuliko wazee, na hapa uwe mwangalifu sana. Watajisikia umewatumia, na ni kweli umewatumia. Walichangishana mia tano tano wakanunua spika, wakadhani wamepata mchungaji wao, leo uwarudie useme jamani tunarudi kitabuni? Wakusanye Jumamosi baada ya mazoezi, uwaambie na wao lile lile la koo. Watacheka. Waache wacheke, cheka nao, na safari hii usiende chooni. Alafu wape nafasi yao ya kweli, sio ya kuwanyamazisha: nyimbo zao kabla ya ibada kuanza, wakati wa sadaka, na kwenye mnada wa sadaka pale nje ambapo wazee wenyewe wakishashika kuku wanacheza kuliko vijana, mi nimeona. Na ungamo la dhambi, Kyrie (hiyo "Bwana utuhurumie"), imani, maombi, baraka, vibaki vya wote. Wafundishe kipande kimoja kila wiki kimetoka wapi, na mfano wa Mkanaani usiuache. Hakuna mtu aliyewahi kuwaeleza, wamekaririshwa tu kipaimara wakapewa cheti.

Kanisani Jumapili sema kwa ufupi. Sentensi mbili, tatu: lile neno la mkongojo nalifuta, nilikosea, naomba mnisamehe. Habari ya koo huna haja ya kuitangaza kwenye maiki, itafika yenyewe, grupu lenu si lipo? Na zile familia nne wafuate nyumbani mmoja mmoja. Ni kazi ya miguu hiyo, hakuna namna.

Kuhama hapana. Ukihama sasa hivi huo mtaa unabaki na vita na hakuna anayejua ilianzia wapi, watapigana miaka kumi wakidhani wanapigania imani. Kaa umalize.

Kitu kidogo kuhusu chuo. Hao waliokucheka walikukosea, na mwalimu aliyejificha kwenye daftari alikosea zaidi, mwanafunzi wa liturgia anafundishwa kama mtoto anayejifunza kutembea. Lakini elimu hii ya wachungaji wetu haikuanzia kwenye majengo makubwa. Chuo cha teolojia kile cha Makumira kule Arusha kilianzia huku huku mkoani kwetu, Lwandai, Mlalo, mwaka 1947, ndo kikahamia Makumira 1954. Milima hiyo kwenu unaijua. Unadhani wote waliopita pale walikuwa na sauti ya kinanda? Mama yako hakuuza ng'ombe upate sauti.

Nimebakiza bibi. Kwake nenda wa pili, kesho yake baada ya mzee. Usimwombe msamaha mrefu, hatakuelewa unazungumzia nini, kwake yeye we ni baba mchungaji tu. Kaa nae mlangoni, chukua mchicha mchambue wote, alafu mwambie, "Bibi, nianzishie Bwana utuhurumie, nataka kujifunza kwako." Weka simu irekodi. Atakuanzishia chini kabisa, kwa sauti ya kizee inayotetemeka, na noti hiyo nina hakika utaiweza maana ndo inayokufaa. Sikiliza kila usiku mpaka Kwaresma, hata umeme ukikatika.

Na siku yenyewe ukipotea katikati, nyamaza tu. Kutakuwa na mtu benchi la pili kushoto.

Mkate ununue wa siku hiyo hiyo, wazee wetu wa Tanga mkate wa jana wanaujua kwa kuushika. Niandikie baada ya hapo uniambie alisemaje.

Shangazi